Rangi Nyekundu ya Porfirio Chambilla

Porfirio Chambilla alikuwa mtu wa kuchoka kabla ya kazi kuanza, na gati zima la Puno, mji wa kando ya ziwa, lilijua hivyo. Asubuhi akifika kwenye chombo cha utafiti, Chullumpi, alikuwa anasimama kwanza, ameshika nguzo, anaitazama ile winchi ya kuvutia waya, ndipo anavuta pumzi na kupanda. Magoti yalikuwa yamekwisha. Mgongo ndio usiseme. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikukunjika tena tangu waya ulipombana, na msimu wa baridi vilimuuma mpaka machozi yanamtoka, naye anasingizia upepo.

Watu wa mjini wakisikia utafiti wanafikiri makoti meupe na miwani. Njoo uone. Utafiti ni kuteremsha chupa ya maji mpaka kina unachoambiwa, kuachia chuma kizito kikateleza kwenye waya kwenda kuifunga, kuipandisha, kuimimina kwenye vichupa, halafu kuanza upya kwa kina kingine. Mvua ya mawe inakupiga, jua la huku juu milimani linakubabua ngozi ya pua, na mikono imelowa maji ya barafu kutwa nzima. Hayo ni maji tu. Tope ndiyo kazi yenyewe.

Tope lilichotwa kwa taya mbili za chuma zilizoning'inia kwenye waya. Taya zinashuka zikiwa wazi, zikigusa chini zinajifunga, zinapanda na kinywa kimejaa. Mabaharia waliziita Mama Mkwe, kwa sababu hajawahi kurudi juu bila kitu mdomoni, hata kama ni jiwe. Mama Mkwe alikuwa mzito balaa. Winchi ilimpandisha mpaka ukingoni, lakini kumvuta ndani, kumfungua, kumkwangua tope na kumwosha ilikuwa kazi ya Porfirio, na jioni alikuwa hoi, akila supu yake ya viazi vikavu.

Kwa nini hakuacha? Aliwahi kuulizwa na nahodha, Don Melitón Coila, mzee mwenzake mwenye tumbo na maneno mengi.

"Wewe Porfirio, huna mke, marehemu Justa kashakwenda, watoto wapo mjini Arequipa, wanajitegemea. Unang'ang'ania nini?"

"Nikikaa nyumbani nitakufa."

"Na hapa?"

"Hapa nitakufa nikiwa na kazi."

Melitón alicheka, ila Porfirio hakuwa anatania. Ukweli ni kwamba Jumapili alikuwa anarudi Suchipata kwa dada yake na kuulizwa maswali. Suchipata ni kijiji alichozaliwa, ng'ambo ya ghuba, pale mto unapoingia ziwani. Watu wa kule walimwuliza maji yakoje, samaki watakuwepo, upepo utatulia lini, kana kwamba Chullumpi ni kanisa na yeye ndiye padri. Alijua kujibu. Alijisikia mtu.

Dada yake mdogo, Edelmira, alikuwa mjane na aliishi kwenye nyumba ya wazazi wao pamoja na ng'ombe wake wachache. Ng'ombe wa Suchipata hawaishi kwa nyasi za mlimani, maana zenyewe ni chache na baridi ikiingia zinakauka zote. Wanaishi kwa llachu, majani yanayoota kwenye tope chini ya maji ya ghuba. Unaingia na mtumbwi, unayavuta kwa fito ndefu, unarudi umelowa mpaka kiunoni. Bila llachu hakuna maziwa, bila maziwa hakuna jibini, na bila jibini Edelmira angekaa anatazama ukuta.

Sasa sikia alichokifanya huyu mzee.

Jumanne ya Karnivali, sikukuu ya kabla ya Kwaresima, huku kwetu kila mtu hukinywesha chombo chake cha kazi. Dereva hulimwagia gari bia, mkulima jembe, fundi cherehani yake. Unakivisha karatasi za rangi, unakinyunyizia pombe, unakiomba msamaha kwa mwaka mzima wa kukitesa. Na kunywesha chombo kichafu ni aibu, ni sawa na kumpeleka bibi harusi kanisani na matope miguuni. Mama Mkwe alikuwa ameota kutu kila pembe. Jumatatu, siku moja kabla, Porfirio akaingia stoo, akakuta kopo la rangi nyekundu ya kuzuia kutu, la zamani, lililobaki tangu walipokarabati mgongo wa chombo. Akampaka Mama Mkwe nje na ndani, taya zote, akarudia. Kesho yake akamvisha karatasi za njano na kumwagia bia.

"Mama Mkwe leo kapaka mdomo," alisema Melitón. "Anaolewa?"

"Anaolewa na wewe. Hakuna mwingine anayemtaka."

Wakanywa, wakacheza, wakalala.

Safari ya kwanza baada ya sikukuu ilikuwa ghuba ya Suchipata. Daktari Rosaura Injante, mkuu wa utafiti, alikuwa ametoka Lima, huko chini pwani, juzi yake, na mwinuko wa huku ulikuwa umempiga vibaya. Alilala chumbani, kichwa kinampasuka, kikombe cha chai ya majani ya koka mkononi. Hakumwona Mama Mkwe na mdomo wake mwekundu. Porfirio akachota tope mara moja, akalitia kwenye mitungi, upepo ukaanza kuchafua ziwa, wakageuza chombo. Safari zilizofuata walikwenda mbali, vilindini, kwenye mchanga na mawe, na rangi ikazidi kukwanguka.

Majibu yalirudi kutoka Lima mvua zilipokuwa zinakatika. Daktari Rosaura aliwaita wote sitahani. Alikuwa mwanamke mfupi, asiyependa kuzungusha maneno.

"Tope la Suchipata lina madini ya risasi," alisema. "Mengi. Yanapita kwenye majani, yanapita kwenye ng'ombe, yanafika kwenye maziwa. Watoto ndio wanaoumia zaidi, vichwa vyao. Nimeshamwambia mwenyekiti wa kijiji. Wasivute majani pale mpaka tujue zaidi."

Porfirio alikwenda nyuma ya winchi, akaketi juu ya kamba. Mtoni kule juu kulikuwa na machimbo ya zamani, na mengine mapya, kila mtu alijua. Lakini kujua na kuambiwa si kitu kimoja. Alimfikiria Edelmira na jibini lake, akawafikiria wajukuu wa Edelmira wanaokunywa maziwa yakiwa bado na povu. Aliogopa, mtu mzima yule.

Suchipata ilitii. Mwenyekiti, Anselmo Ticona, aliitisha mkutano na kupiga marufuku llachu. Jumapili ile Porfirio alipofika aliwakuta ng'ombe wa dada yake wamefungwa uani, wanalia, wanalamba ukuta wa udongo. Edelmira alikuwa amewapandisha mlimani wakarudi na njaa ileile.

"Huyu mweusi kashakata maziwa," alisema. "Kaka, ninyi mnaochimbachimba kule chini, hamkuona kitu kingine cha kuchimba?"

"Si mimi ninayepima, Edelmira."

"Najua. Lakini ni wewe ninayekuona."

Wiki zikapita. Siku moja Porfirio alikuwa anamsugua Mama Mkwe kwa brashi, akaona ganda jekundu limemnasa ukuchani. Akalitazama. Akaendelea kusugua. Kisha akaacha, akaenda kwa Daktari Rosaura aliyekuwa anabandika majina kwenye vichupa.

"Daktari, samahani. Hii risasi hasa, mbali na machimbo, inapatikana wapi?"

"Kwenye betri. Kwenye petroli ya zamani. Kwenye rangi za zamani pia, zile nyekundu za kuzuia kutu."

Moyo wa Porfirio ulimlipuka. Nikisema ulimlipuka sitii chumvi, ilibidi ashike meza. Alimvuta Daktari mkono, kitu ambacho hakuwahi kuthubutu, akampeleka stoo na kumwonyesha kopo. Daktari akalisoma, risasi imeandikwa pale pale. Akamtazama Mama Mkwe, akaona wekundu uliobaki kwenye mikunjo ya taya.

"Ulimpaka lini?"

"Karnivali."

"Kabla ya Suchipata?"

"Kabla. Suchipata ndiyo ilikuwa ya kwanza. Na nilimpaka mpaka ndani, Daktari. Mara mbili. Ni mimi."

Alisema ni mimi kama mtu aliyepata zawadi. Daktari alifura kwa hasira, akamwambia maneno ambayo sitayaandika, kwamba chombo cha kuchotea sampuli si punda wa sikukuu, kwamba miezi ya kazi imekwenda na maji. Porfirio aliinamisha kichwa na ndani yake alikuwa anashangilia. Amfukuze kazi akitaka. Amtukane mpaka jioni.

Baadaye Daktari alipoa. "Inawezekana ni rangi," alisema. "Inawezekana siyo. Tutachota upya, kwa bomba la plastiki, chuma kisiguse kabisa. Lakini Don Porfirio, nakuomba. Usiseme neno kijijini mpaka majibu yarudi."

"Sisemi."

Alikaa na siri ile mpaka Jumapili. Jumapili ilikuwa mbali kwake, na alijitahidi, nampa haki yake. Lakini alipofika Suchipata mkutano ulikuwa unaendelea, na watu walikuwa wanagombana kuhusu ng'ombe wa nani auzwe kwanza, na Edelmira alikuwa ameketi pembeni ameshika shavu. Porfirio akasimama.

"Ndugu zangu, tope letu ni safi. Mchafu ni mimi."

Akawaeleza yote. Kopo, brashi, Mama Mkwe, karatasi za njano. Mwanamke mmoja akaguna, mwingine akaziba mdomo kwa shali, na mkutano mzima ukaangua kicheko cha kuvunja mbavu.

"Kwa hiyo sumu yote ile ilikuwa lipstiki ya mama mkwe wako?" alisema Anselmo, anajifuta machozi.

"Ndiyo hivyo."

"Ng'ombe zetu zimekonda kwa sababu wewe ulitaka kumpamba mama mkwe?"

"Ndiyo hivyo, mwenyekiti. Nipeni adhabu."

Wakampa. Ukuta wa uwanja wa shule ulikuwa umebomoka kwa mvua, wakasema aujenge mwenyewe, kila Jumapili, mpaka uishe. Wakampa na jina, Don Rangi, yaani Bwana Rangi. Mchana huohuo mitumbwi ikaingia ghubani, wakarudi na mafungu ya llachu yanayochuruzika maji, ng'ombe wakala mpaka wakalala.

Alikuwa amechoka kuliko siku zote za maisha yake. Wiki nzima winchi na chupa na baridi, Jumapili mawe na udongo. Watoto walikaa juu ya ukuta wakiimba Don Rangi, Don Rangi. Edelmira alimletea chakula pale pale kazini, naye pia akimcheka, akimkatia jibini jipya na kumwekea juu ya kiazi. Porfirio alikula ameketi juu ya mawe, mgongo unawaka moto, na alikuwa na furaha. Ingekuwa hiari yake angejenga kuta mpaka Bolivia.

Walichota tena. Safari hii Daktari Rosaura alisimama mwenyewe ukingoni, akamwambia Porfirio anawe mikono, akanawa, akamwambia anawe tena. Bomba la plastiki lilisukumwa ndani ya tope likapandishwa wima, na ndani yake tope likaonekana limekaa matabaka, jeusi juu, la kijivu chini. Porfirio alilikumbatia mpaka likafungwa. Hakukuwa na chuma wala rangi mahali popote, naye alihakikisha kwa macho yake, akapitisha kidole kwenye kila kiungo.

"Umeridhika?" aliuliza Melitón.

"Nimeridhika."

Majibu yalikuja baridi ilipokuwa imeshika hasa, maji ya pembeni mwa gati yanaganda asubuhi. Daktari Rosaura alishuka peke yake mpaka kwenye kijichumba cha mabaharia, mahali asipofika. Porfirio alipomwona mlangoni alisimama.

"Kaa," alisema.

"Niambie tu, Daktari."

"Si rangi."

Porfirio akakaa.

"Tope la chini ni safi," aliendelea polepole. "La juu, la miaka ya karibuni, ndilo lililojaa. Ni zaidi hata ya ile mara ya kwanza. Rangi yako labda iliongeza kidogo, lakini risasi ilikuwepo. Umeshawaambia?"

"Nimeshawaambia."

"Wanavuta majani?"

"Tangu siku ileile."

Ungedhani atamfokea, na Porfirio pia alidhani hivyo. Hakumfokea. Aliketi upande wa pili wa benchi, mikono katikati ya magoti, akaonekana mchovu kama yeye. "Nitakwenda nawe," alisema. Porfirio akatikisa kichwa. Akamwambia aje kesho kwenye mkutano na vipimo vyake. Leo yeye Porfirio angekwenda peke yake, kwa sababu ndiye aliyesema ni rangi.

Njiani kuingia Suchipata alikutana na Anselmo anaswaga kondoo.

"Don Rangi! Leo katikati ya wiki? Umempaka nani tena?"

"Mwenyekiti, majibu yamerudi. Haikuwa rangi. Tope lina sumu kweli."

Anselmo akacheka. Aliendelea kucheka hatua chache, kisha akaona mwenzake hacheki, akasimama. Hasira ikampanda usoni.

"Mlisema sumu, tukafunga ng'ombe. Ukasema si sumu, tukafungua. Sasa unasema sumu. Wewe mzee, unatufanya watoto?"

"Nilikosea."

"Ulikosea lini? Kipindi kile au sasa hivi?"

"Kipindi kile."

"Basi kesho uje useme mwenyewe. Mimi sitangazi marufuku nyingine nikachekwa. Na sijui nani atakusikiliza." Akawapigia kondoo mluzi, akaenda zake.

Porfirio alimkuta Edelmira ufukweni, mtumbwi umejaa llachu, anashusha mafungu na kuyapanga chini. Sketi imelowa, mikono imekuwa myekundu kwa baridi. Yule ng'ombe mweusi alikuwa amefungwa pale karibu, amenyoosha shingo, anavuta kamba. Mlima nyuma yao ulikuwa mkavu, hauna hata jani.

"Kaka," alisema Edelmira bila kugeuka. "Umenusa jibini kutoka Puno?"

Edelmira akageuka, akamtazama usoni, akaliweka chini fungu aliloshika. Walikuwa wamewazika wazazi pamoja hawa wawili, hakuhitaji kuambiwa.

"Sema ni rangi," alisema.

"Edelmira."

"Sema ni rangi, Porfirio. Ulisema mbele ya kijiji kizima kwa raha zako. Nisemee na mimi mara moja."

"Siwezi. Si rangi. Kesho Daktari anakuja, tutasema wote kwenye mkutano. Usiwape tena. Na wale watoto wasinywe hayo maziwa."

"Wasinywe maziwa." Alijifuta mikono kwenye sketi iliyolowa. "Haya. Wanywe chai. Na hawa ng'ombe? Kesho mtasema. Kesho kutwa mtapima tena. Leo hawa nawapa nini, kaka? Nionyeshe. Wewe ndiye unayejua mambo, nionyeshe mahali nikakate."

Porfirio alitazama mlima. Alitazama kwa muda mrefu, kwa kweli, akitafuta, kwa sababu dada yake alikuwa amemwuliza swali naye alizoea kuwa na jibu. Ng'ombe akalia. Mbavu zake zilikuwa bado zinahesabika tangu ile marufuku ya kwanza, na mwingine kule uani akamjibu.

Edelmira alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi, amewapa wote kisogo. Hakugusa fungu lolote. Alikuwa anamwachia yeye aamue.

Porfirio akainama, magoti yakalia, akachukua fungu la llachu kwa mikono miwili. Lilikuwa zito, na mizizini tope jeusi lilikuwa limeng'ang'ania, lilelile, alilijua. Akalisuuza majini, akalisuuza tena, akakwangua mizizi kwa vile vidole visivyokunjika, naye anajua vizuri kuliko mtu yeyote pale ufukweni kwamba haisaidii. Kisha akaenda akamwekea ng'ombe mbele ya mdomo, akasimama pale akimtazama akila.